Magari ya Zamani Katika Barabara za Vijijini

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata kuhusu usalama na matumizi ya barabara



Gari lililotengenezwa miaka 60 iliyopita likipita sokoni, watu wazima ndio husimama kwanza. Watoto hukimbilia kila chenye kelele. Lakini mzee aachaye kikombe chake cha kahawa na kusogea ukingoni mwa baraza ameitambua sauti. Ameusikia mlio wa Land Rover ya zamani, gari lililomleta bwana shamba, likamwahisha mama mjamzito hospitalini, likapeleka masanduku ya kura kule ambako lori lilishindwa kupanda. Kwa vijiji vingi vya Tanzania, kwa muda mrefu, kufika kwa gari hilo ndiko kulikokuwa kufika kwa serikali.

Siku hizi magari hayo yanarudi barabarani kwa sababu nyingine. Wenyewe huyatoa gereji siku za mapumziko, wakakutana watatu, watano au kumi, wakafuata barabara za udongo kutwa nzima kwa raha ya kuyaendesha tu. Wengine huelekea kwenye mikusanyiko mikubwa ya wapenzi wa magari. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na shabaha mojawapo ilikuwa kuivuka rekodi ya Ujerumani, ambako mwaka 2018 Land Rover 632 ziliandamana pamoja mjini Bad Kissingen. Ili gari la Mbeya au la Singida lifike Arusha, sharti lipite katika kata za watu, mbele ya shule zao, juu ya madaraja yao na katikati ya minada yao. Hapo ndipo burudani ya mwenye gari inapokuwa jambo la wakazi.

Mapenzi haya hayakuanza leo. Uingereza iliwahi kuwa na sheria iliyotaka mtu atembee kwa miguu mbele ya gari ili kuwatahadharisha wapita njia. Sheria hiyo ilipolegezwa mwaka 1896, wenye magari waliondoka London tarehe 14 Novemba kwenda Brighton, mji wa pwani, kusherehekea ruhusa ya kwenda kasi kidogo. Safari hiyo hukumbukwa hadi leo kila Novemba, na magari yanayoruhusiwa kushiriki ni yale tu yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905. Mengine huwasili yakitoa mvuke. Mengine huishia kando ya njia, bila aibu kwa yeyote.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. Mwaka 1953 yalianza mashindano yaliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa Usambara na Mbulu wanayajua kwa vumbi lake na kwa tope lake. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mshindi wa mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya, alikuwa fundi wa magari, naye alishinda akiendesha Volvo iliyokwisha tumika, si gari jipya kutoka kiwandani. Mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya aina yake kwa magari ya zamani pekee, nayo yamewahi kupita katika ardhi ya Tanzania.

Hata hivyo, mashindano ni kitu kimoja na matembezi ni kitu kingine. Mashindano huwa na vibali, na vipande vyake vya mwendo kasi hufungwa kwa muda. Msafara wa wapenzi wa magari ya zamani hauna haki hiyo. Unaposhuka kutoka barabara kuu ya TANROADS na kuingia barabara ya wilaya inayosimamiwa na TARURA, kila gari ndani yake ni gari kama mengine: hukaa kushoto, husubiri ng'ombe wapite, na huheshimu mwisho wa kilomita 50 kwa saa panapo makazi. Dereva asemaye kuwa yuko katika rali, ilhali yuko katika matembezi, anajidanganya mwenyewe na kuwahatarisha wengine.

Si magari yote ya kale yaliyo Land Rover. Zipo Peugeot 404, zipo Volkswagen zile za umbo la kobe, zipo na pikipiki. Lakini Land Rover ndiyo iliyobaki kwa wingi vijijini, na sababu yake imo katika umbile lake. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na mwaka 1947 alitaka gari la kazi za shamba. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, chuma cha pua kilitolewa kwa mgao, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na gari likaoneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Aluminiamu haiozi kwa kutu kama chuma. Ndiyo maana gari lililoachwa chini ya mwembe kwa miaka 20 huonekana bado lina uso wake.

Uso huo hudanganya. Chini ya bodi ya aluminiamu kuna chasisi ya chuma, na chasisi huoza kutoka ndani kwenda nje, mahali pasipoonekana. Fundi mwenye uzoefu hailambi kwa macho. Huchukua nyundo ndogo, akalala chini ya gari, akagonga kuanzia mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia; chuma kilichooza hutoa mlio mfu, na mara nyingine nyundo hupenya. Kupaka rangi kabla ya kugonga ni kulivalisha kanzu gari lenye mifupa iliyovunjika.

Baada ya chasisi, jambo kubwa ni breki, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo maisha ya watu yalipo. Land Rover za kuanzia mwaka 1948 hadi zile zilizokoma mwaka 1985 zilitoka kiwandani zikiwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Dramu ni kama chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu, na ndani yake vibao viwili vilivyopinda hupanuka na kuusugua ukuta wa chungu hicho. Breki hizo hufanya kazi vizuri zikiwa kavu na zikiwa baridi. Zikilowa mtoni, husugua maji badala ya chuma, na dereva akikanyaga huona gari linaendelea na safari yake. Kwa sababu hiyo, kila atokaye kivukoni hupaswa kwenda polepole huku akigusa breki kidogo kidogo hadi zikauke, kabla hajaifikia nyumba ya kwanza.

Zikipata moto hali huwa mbaya zaidi. Mtu ashukaye mteremko mrefu akiwa amekanyaga breki muda wote huzichemsha, na kadiri zinavyopata moto ndivyo zinavyopoteza nguvu, hadi kanyagio linafika chini bila gari kupungua mwendo. Dawa yake ni gia nzito. Lakini katika Land Rover nyingi za zamani gia ya kwanza na ya pili haziingii kwa urahisi gari likiwa linatembea. Hutaka dereva akanyage klachi mara mbili na kulinganisha mwendo wa injini na wa magurudumu, ustadi ambao vijana wengi hawajafundishwa. Akikosea katikati ya mteremko, gari hubaki halina gia, na breki zimekwisha. Kwa hiyo wanaojua husimama kabisa juu ya kilima. Huweka gia ya pili, au ya kwanza kama ni mteremko wa mawe, ndipo huachia. Wakazi waishio juu ya vilima wakiona msafara umesimama hapo, wasidhani magari yameharibika. Wapaswao kutiliwa shaka ni wale wasiosimama.

Kuna jambo la tatu lisilojulikana sana. Katika nyingi ya Land Rover hizo, mafuta ya breki hupita katika mkondo mmoja tu kwenda magurudumu yote. Mrija mmoja ukipasuka, yote manne hukosa breki kwa pamoja. Na breki ya mkono haitoi msaada ambao mtu angeutumaini, kwa kuwa haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi, nayo iliwekwa ili kulizuia gari lililokwisha simama. Ikivutwa kwa nguvu gari likiwa mwendoni, yaweza kuvunja vyuma vinavyozungusha magurudumu ya nyuma. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na hubadilishwa kila miaka miwili hata kama gari halitembei. Ni gharama ndogo, na ndiyo inayosahaulika kwanza.

Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ambayo breki hupaswa kuimeza huongezeka mara nne. Land Rover ya mwaka 1962 huenda kwa starehe katika kilomita 60 au 70 kwa saa. Kuilazimisha ilingane na basi ni kuitafutia ajali. Basi hilo nalo, likiwa nyuma ya mzee huyu, lapaswa kuvumilia na kumpita mahali pa wazi. Mwenye gari la zamani afanye upande wake: akiona foleni imerefuka nyuma yake, asogee kando aipishe.

Upande wa wakazi una mambo yake. La kwanza ni watoto. Mtoto aliyezoea kudandia mkokoteni huliona gari lenda polepole, lenye ngazi na bomba la kushikilia nyuma, kuwa mwaliko. Dereva wa gari hilo ana kioo kidogo, na pengine hana cha upande wa kushoto. Katika siku ambayo msafara unatarajiwa, mwalimu wa zamu na mwenyekiti wa kitongoji wawe barabarani kabla ya vumbi kuonekana, na watoto wasimame upande mmoja wa njia. Mtoto akiwa kulia na rafikiye kushoto, mmoja wao atavuka.

La pili ni barabara yenyewe. Gari moja katika barabara ya udongo iliyolowa huacha alama; magari 20 yakifuatana huacha mifereji, nayo hukauka na kubaki hivyo. Wanaoirithi ni waendesha bodaboda na mama aliyebeba maji. Kwa hiyo misafara ifaayo ni ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Msafara utakaokuja wakati wa masika ukiambiwa uzunguke au usubiri siku mbili jua liwake, haujaonewa. Madaraja ya mbao nayo yapitwe gari moja moja, la nyuma likisubiri la mbele limeshuka.

Tena kuna vumbi, ambalo wapenzi wa magari hulisifia katika picha na wakazi hulila katika ugali. Msafara ukiachana nafasi ya kutosha na kupunguza mwendo panapo nyumba, vumbi hutua kabla ya gari lifuatalo. Kiongozi wa msafara aombwe jambo hilo mapema, kwa adabu, na kwa kawaida hukubali, maana hata yeye hapendi kulifuata gari la mbele asilolione.

Kamba isivutwe barabarani kuwazuia wageni watoe fedha. Kama kuna ada halali, iwe ya maegesho au ya matumizi ya uwanja, hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na mlipaji hupewa stakabadhi. Faida ya kijiji ipo kwingine, nayo si haba. Watu 30 waliotoka alfajiri watahitaji chai na chapati, mchana wali na maharage, jioni vyumba safi katika nyumba za wageni. Mama lishe aliyepewa taarifa siku tatu kabla hununua mchele wa kutosha; asiyepewa huishia kuuza chai isiyo na kitafunwa na kuwaona wageni wakiondoka na njaa pamoja na fedha zao. Taarifa hiyo hupatikana pale kiongozi wa msafara anapopitia ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata, akaeleza idadi ya magari, njia na saa. Ofisi nayo isiishie kuijua peke yake. Siku ya mnada msafara upangiwe njia nyingine.

Atakayehitajika kuliko wote ni fundi. Gari la kisasa likizima, huunganishwa na kifaa kinachosoma hitilafu. Gari la zamani halina cha kusomwa. Lina kabureta, lina mkanda wa feni, lina plagi, na lina tabia. Jua la saa saba, mlimani, petroli huweza kuchemka ndani ya mrija kabla haijafika kwenye injini, na gari likakata pumzi. Dereva mgeni hufungua boneti na kuanza kufungua kila kitu. Fundi mzee huchukua kitambaa kilicholowa maji, akakizungusha kwenye pampu ya petroli, akaomba kahawa. Baada ya robo saa injini huwaka. Yupo pia fundi ajuaye kuwa baadhi ya injini hizo zilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa katika petroli, ambayo yaliondolewa katika nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na kwamba valvu zake sasa hutaka kukaguliwa mara kwa mara.

Maarifa hayo yamo katika mikono ya watu wachache, na wengi wao wamevuka miaka 60. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa magari, na kijana atokaye huko ana misingi mizuri. Lakini kuisikiliza kabureta ni jambo la kukaa karibu na mtu anayeisikiliza. Gereji ya kata yenye mzee mmoja na kijana mmoja ina thamani kuliko gereji mbili zenye mmoja mmoja. Misafara hii, kwa uchache wake, humpa mzee huyo sababu ya kuendelea kufungua mlango asubuhi.

Kuhusu karatasi, maneno ni machache. Umri haulisamehi gari bima. Lazima liwe na ile inayomlinda mtu wa tatu, na dereva awe na leseni ya daraja linalostahili. Tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa na mzigo wake kuhamishiwa katika bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililosimama halilimbikizi tena ada hiyo kila mwaka, jambo ambalo zamani liliwakatisha tamaa wengi. Kadi ya gari itafutwe. Mara nyingi imo katika jina la marehemu, na familia hupaswa kumalizana kwanza juu ya mirathi kabla ya kumalizana juu ya rangi.

Na hilo ndilo linaloleta habari ya gari la chini ya mwembe. Karibu kila kata ina moja. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua kuliko wenyewe, kwa kuwa bodi yake ni aluminiamu, nayo huuzwa kwa kilo. Hufika asubuhi na mizani, hutaja bei, na kabla ya adhuhuri gari limekatwa vipande na kupakiwa. Mjane au kijana aliyepokea fedha hizo hana lawama. Njaa haisubiri tamasha la Arusha. Lakini hesabu isifanywe kwa kilo peke yake. Gia boksi nzima, difu nzima, milango na vioo, kila kimoja kina mnunuzi wake miongoni mwa wapenzi wa magari, na gari zima lenye kadi lina mnunuzi wa aina nyingine kabisa. Inafaa kumwita fundi kabla ya kumwita mwenye mizani.

Familia iliyoamua kulifufua ianze taratibu. Gari lililolala miaka mingi lisiwashwe kwa kusukumwa siku ya kwanza. Petroli ya zamani, ambayo huwa imeganda kama gundi, imwagwe. Plagi zitolewe na matone ya oili yadondoshwe ndani ya silinda. Kisha injini izungushwe kwa mkono, kwa ile hendeli ya mbele, hadi ijulikane kuwa haijakamata. Baadaye breki zote zifunguliwe na mipira yake ibadilishwe, hata ile inayoonekana mizima. Tairi zitazamwe tarehe: nambari nne zilizochongwa ubavuni husema wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka 15 lenye meno mazuri ni tairi bovu.

Safari ya kwanza isiwe Arusha. Iwe hadi kijiji cha jirani na kurudi, asubuhi, njia ikiwa kavu, gari likiwa na maji ya akiba, jeki, kamba ya kuvutia, na watu wawili wenye nguvu ya kusukuma.